Je, wajua? Mkaa wa mifupa hauondoi floraidi kwa sababu ni mkaa

Njoro, Gilgil au Elementaita, huku Nakuru nchini Kenya, hukosi kukutana na mtu mzima mwenye madoa ya kahawia kwenye meno ambayo mswaki hauyatoi. Chanzo ni floraidi ya maji ya visima. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa inayo kwa wingi, na maji ya huku yana kalsiamu kidogo mno ya kuishika ikazama. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vinapita hapo. Ndiyo maana Dayosisi Katoliki ya Nakuru iliingia katika kazi ya kuchuja maji kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990.

Wengi wakisikia "mkaa" huwaza ule wa jikoni: una vitundu, vitundu vinanasa uchafu, basi. Wapo wanaoponda makaa ya miti, wakajaza ndoo na kungoja meno ya watoto yaote meupe. Watangoja sana. Mkaa wa miti huondoa harufu na rangi; floraidi hupita. Katika mfupa uliochomwa kaboni ni kama asilimia 10 tu. Sehemu kubwa ni madini ya kalsiamu na fosfeti yaitwayo haidroksiapatiti, na kazi ni yao. Kuchemsha nako kunazidisha shida: lita 10 zenye miligramu 6 kila moja zikichemka hadi zikabaki 8, floraidi ni zile zile miligramu 60, ila sasa kila lita ina 7.5. Kuchemsha ni kwa vijidudu, na hufanywa baada ya kuchuja.

Ichukulie fuwele ya madini hayo kama matatu iliyojaa. Kalsiamu na fosfeti ni viti vilivyofungwa sakafuni. Abiria ni ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za haidroksidi. Floraidi inafika mlangoni ikiwa na chaji ile ile na ukubwa unaokaribia wa haidroksidi, tena inakaa vizuri zaidi kitini. Basi haidroksidi moja inashuka, floraidi moja inapanda. Walio karibu na mlango hubadilishana upesi, wa nyuma wanachelewa, kwa hiyo maji yanahitaji kukaa na chenga za mfupa kama dakika 20 hadi 30. Ukifungua mfereji wote, floraidi nyingi hazipati hata nafasi ya kubisha. (Kuna miitikio mingine pia juu ya uso wa chenga, na wataalamu hawajakubaliana ina uzito gani.)

Na madini hayo ndiyo ya jino lenyewe. Floraidi inayoharibu meno ya mtoto yakiwa bado yanajengwa, hadi miaka minane hivi, inapewa mfupa wa ng'ombe kwanza.

Ugumu uko kwenye tanuri. Joto linalofaa ni nyuzi 400 hadi 500, hewa ikiwa kidogo. Mfupa ukitoka mweusi, mafuta na nyama havijaisha: maji yatanuka na kuwa ya manjano. Ukitoka mweupe pe, umezidiwa na moto. Fuwele zimekua, uso umepungua, na uwezo wa kunasa umeshuka. Unaotakiwa ni wa kijivu. Husagwa, ukachekechwa ubaki wa milimita 0.6 hadi 2, kisha ukaoshwa mpaka maji yatoke safi, kwa kuwa unga huziba kichujio. Chenga zisiachwe zikauke, maana hewa ikiingia maji hujitafutia njia moja na kuziruka nyingine. Wapo pia wanaokataa mifupa isiyojulikana imetoka kwa mnyama gani na alichinjwaje; hoja hiyo ijibiwe kichinjioni, kabla ya moto.

Kichujio kinadumu muda gani? Tuseme kina kilo 10 za chenga, kila gramu ikinasa miligramu 2: jumla 20,000. Maji yakishuka kutoka miligramu 6 hadi 1, kila lita inatumia 5, hivyo unapata lita 4,000. Nyumba inayochota lita 20 kwa siku za kunywa na kupikia inafika siku 200. Hesabu hiyo huyumba kulingana na uchomaji na maji ya kisima, na floraidi haina ladha wala rangi ya kukuonya, kwa hiyo maji yapimwe kila baada ya miezi michache. Chenga zilizochoka huweza kurudishiwa nguvu kwa magadi makali (sodiamu haidroksidi, si magadi ya kupikia) yaliyozimuliwa, lakini maji yanayotoka hapo yamejaa floraidi kuliko kisima chenyewe, kwa hiyo kazi hiyo ni ya karakana yenye mahali pa kuyatupa.