Maandishi ya Kijapani si michoro mitupu

Wengi huamini kuwa Kijapani huandikwa kwa michoro maelfu, na kwamba bila mwalimu husomi hata neno moja. Sivyo.

Wajapani huchanganya mifumo mitatu. Miwili, hiragana na katakana, ni ya silabi: kila mmoja una herufi 46 za msingi, na herufi hizo huwakilisha sauti, si vitu. Aliyekaririshwa ba, be, bi, bo, bu darasani ameshaizoea kazi yenyewe. Irabu ni tano kama zetu, ila wao huzipanga a, i, u, e, o. さかな ni sa-ka-na, yaani samaki. Sh na ch tunazo tayari. Itakayousumbua ulimi ni tsu.

Uvumi huu ulitokana na mfumo wa tatu, kanji, uliotoka China. Orodha rasmi ya serikali ina kanji 2,136, na watoto husoma 1,026 kati ya hizo katika miaka sita ya msingi. Hata hizo, chache tu ni picha kweli, kama 山, mlima. Nyingi zina kipande kinachodokeza maana na kingine kinachodokeza sauti.

Kwa hiyo anza na hiragana, ukiandika kwa mkono. Fuata mpangilio wa kuchora mistari ya kila herufi tangu siku ya kwanza, hasa ukifika katakana: シ (shi) na ツ (tsu) ni kama mapacha, lakini mstari mrefu wa shi huvutwa kupanda, wa tsu kushuka. Vitabu vya watoto wadogo huandikwa karibu vyote kwa kana, yaani hiragana na katakana, kwa hiyo utapata cha kusoma mapema.