Enola Gay haikudondosha mabomu yote mawili

Wengi wanaamini kwamba ndege ya Kimarekani Enola Gay ndiyo iliyoipiga miji ya Japani ya Hiroshima na Nagasaki kwa mabomu ya atomiki. Sivyo. Enola Gay, ndege aina ya B-29, iliipiga Hiroshima tu, tarehe 6 Agosti 1945. Rubani wake, Paul Tibbets, aliipa jina la mama yake mzazi, likachorwa ubavuni siku moja kabla ya safari. Jina la mama juu ya chombo kilichoteketeza mji wenye akina mama na watoto! Mimi hilo hunitia uchungu kila nikilikumbuka. Na sehemu kubwa ya urani, madini ya mradi wa kutengeneza mabomu hayo, ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kwa jasho la Wakongo ambao hutajwa kwa nadra.

Nagasaki ilipigwa Agosti 9 na B-29 nyingine, Bockscar, iliyoitwa hivyo kutokana na rubani wake wa kawaida, Frederick Bock. Siku hiyo aliirusha Charles Sweeney. Enola Gay nayo ilikuwa angani, lakini kazi yake ilikuwa kupeleleza hali ya hewa katika mji wa Kokura, shabaha ya kwanza ya siku hiyo. Iliripoti kuwa kweupe. Bockscar ilipofika, ukungu na moshi vilikuwa vimetanda, ikageukia Nagasaki.