Vifungashio tendaji vinavyooza ni nini?

Dagaa wa Kigoma akishakauka vizuri kichanjani pale Katonga, adui yake mkubwa si maji tena, ni hewa. Mafuta aliyonayo mwilini yanakutana na oksijeni, rangi ya fedha inageuka njano ya kukolea, na harufu inakuwa kali kiasi cha kumfukuza mteja. Mfuko laini wa nailoni unazuia vumbi na maji, lakini oksijeni inapenya taratibu, na ile iliyofungiwa humo ndani inaendelea kuharibu.

Kifungashio tendaji hakikai tu kama ukuta. Kinanyonya kinachoharibu chakula, kama oksijeni au unyevu, au kinaachia kidogo kidogo kitu cha kukilinda. Vile vifuko vidogo vyenye unga wa chuma vinavyowekwa ndani ya pakiti ni mfano wake: chuma kinashika kutu, na katika kushika kutu kinaila oksijeni. Vifungashio ninavyovizungumzia hapa vinakwenda mbele zaidi: kinga inachanganywa ndani ya utando wenyewe, yaani ile karatasi nyembamba ya kufungia, na utando huo ukishatumika unaoza.

Malighafi yake si ngeni kwetu. Wanga wa muhogo unapikwa na maji hadi uwe uji, unatiwa gliserini ili ukikauka usivunjike, unamwagwa kwenye sahani bapa, kisha unabanduliwa ukiwa karatasi angavu. Wengine hutumia kitosani itokanayo na maganda ya kamba na kaa, ambayo yenyewe hudhoofisha bakteria, au karajinani, ute mzito wa mwani kama ule unaolimwa Zanzibar.

Kinga inayosifiwa sana ni mafuta ya karafuu. Yana yujenoli, inayopunguza kasi ya mafuta ya samaki kuharibika na pia kuzuia ukungu. Ugumu uko kwenye kipimo: ikiwa kidogo haisaidii, ikizidi dagaa ananukia pilau.

Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni masika. Wanga unapenda maji, hivyo utando wake unalegea hewa ikiwa na unyevu. Dawa mojawapo ni kuuchanganya na nta ya nyuki, na kwa hilo majirani zetu wa Tabora wamejaaliwa. Utando unapoteza ung'avu kidogo, lakini maji yanapata shida kupita. Hata hivyo, dagaa aliyefungwa kabla hajakauka ataota ukungu ndani ya utando wowote ule.

Na neno "kinaoza" lisipokelewe hivi hivi. Utando wa wanga huliwa na vijidudu vya udongoni bila shida kubwa. Asidi ya polilaktiki, aina ya plastiki itengenezwayo kwa sukari ya mahindi au miwa, nayo huuzwa kwa sifa hiyohiyo, lakini ili ioze haraka inahitaji mboji yenye joto la nyuzi 60 hivi. Ukiitupa ufukweni Kibirizi, itakaa miaka. Kwa hiyo muulize muuzaji: kinaozea wapi, na kwa muda gani?