Magazeti ya kwanza ya Weusi wa Marekani: nani alipewa nafasi ya kusema?

Tarehe 16 Machi 1827, jimbo la New York likikaribia kukomesha utumwa, Samuel Cornish na John Russwurm walitoa toleo la kwanza la Freedom's Journal. Ndilo gazeti la kwanza nchini Marekani lililomilikiwa na kuhaririwa na watu Weusi. Katika tahariri yao walitangaza kuwa wanataka kujitetea wenyewe, kwa sababu wengine wamewasemea mno. Kauli hiyo imepata umaarufu unaostahili. Lakini ukiyasoma magazeti ya enzi hiyo ukurasa kwa ukurasa, utaona kuwa ndani ya jamii iliyobaguliwa kwa rangi, si kila mtu alisikilizwa sawa.

Tuanze na tabaka. Ada ya gazeti ilikuwa dola 3 kwa mwaka, mzigo mzito kwa dobi au kibarua wa bandarini. Cornish alikuwa mchungaji wa Presibiteri, na Russwurm alikuwa amehitimu Chuo cha Bowdoin mwaka 1826. Kurasa zao zilijaa mawaidha juu ya elimu, akiba na mwenendo mwema. Hata maandamano ya mitaani ya kusherehekea uhuru waliyakemea: waliona yanakula pesa na kuwapa Wazungu sababu ya kudhihaki. Hofu yao ilikuwa na msingi. Tangu katiba ya jimbo ya 1821, mwanamume Mweusi hakuruhusiwa kupiga kura mpaka awe na mali ya dola 250, sharti ambalo Mzungu hakuwekewa. Hata hivyo, naona waliwatwisha maskini kazi isiyo yao. Sheria ile haikutungwa kwa sababu ya ngoma na bendera za wapita njia.

Wanawake nao walikuwepo, ila pembeni. Agosti 1827 gazeti lilichapa barua ya msomaji aliyejiita Matilda. Aliwaambia wahariri waziwazi kuwa hawajasema vya kutosha kuhusu elimu ya wasichana, na kwamba akina mama wasiishie kufundishwa kupika tu. Jina lake kamili halikuchapwa.

Miaka 26 baadaye, Mary Ann Shadd alianzisha gazeti la Provincial Freeman huko Kanada, walikokimbilia Weusi wengi baada ya sheria ya 1850 ya kuwarudisha watumwa waliotoroka. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu, na alikwisha gombana hadharani na Henry Bibb, mhariri wa gazeti la Voice of the Fugitive. Shadd alipinga watu kuzunguka wakiomba nguo na fedha kwa jina la wakimbizi, akisema wakimbizi wana nguvu za kujitegemea na kwamba michango hiyo inawanufaisha waombaji. Bibb alimjibu gazetini kwamba maneno yake hayamwongezei heshima kama mwanamke. Hapo hoja ya fedha iligeuzwa kuwa hoja ya jinsia.

Shadd alijua hatari hiyo. Toleo la kwanza, Machi 1853, lilimtaja Samuel Ringgold Ward, mwanamume Mweusi aliyejulikana kwa hotuba za kupinga utumwa, kuwa mhariri, ingawa kazi ilikuwa ya Shadd. Yeye alijiandika M. A. Shadd tu, na barua zikawa zinamfikia zikimwita bwana. Mwaka 1854 alichapa jina lake kwa ukamilifu na kusema hapendi kuitwa hivyo. Kujulikana kwake hakukuwarahisishia mambo yeye wala gazeti. Katikati ya 1855 jina la mhariri likawa la mchungaji William P. Newman, naye Shadd akaaga kwa kuwaambia wanawake Weusi kwamba njia ya uhariri ameshaifungua, wajitokeze.

Hakuacha kazi. Alizunguka miji ya Marekani akitafuta wasomaji wa kulipia gazeti, na Oktoba mwaka huohuo akafika Philadelphia kwenye mkutano wa kitaifa wa Weusi. Wajumbe walibishana kwanza kama mwanamke anaweza kukubaliwa kuwa mjumbe, kisha wakapiga kura na kumpa kiti.