Dawa ya miti shamba: maabara inapima nini hasa?

Waganga na wazazi wanaotuletea maabara magome na mizizi kutoka Kongwa, Mpwapwa na Chamwino mkoani Dodoma huuliza swali moja: dawa hii inaua vijidudu au haiui? Jibu la awali kwa bakteria hupatikana siku moja baada ya kipimo kuanza. Tatizo ni kwamba jibu hilo likishatoka, wengi hulichukua kama ruhusa ya kumnywesha mgonjwa.

Tukishakausha mmea kivulini na kuusaga, tunauloweka kwenye kimiminika, tunachuja, kisha tunaondoa kimiminika hadi libaki tope zito. Bakteria, kwa mfano Staphylococcus aureus wa majipu na vidonda, tunawapaka kwenye sahani yenye chakula chao, kisha tunaweka juu yake kikaratasi cha duara cha milimita 6 chenye dawa. Sahani hukaa kwenye joto la nyuzi 37 kwa saa 18 hadi 24. Asubuhi bakteria wametanda kama utando mweupe, na dawa ikiwa na nguvu, kuzunguka kikaratasi kunabaki duara lisilo na bakteria. Tunapima upana wa duara hilo kwa rula. Rula ikisoma 6, umepima kikaratasi chenyewe. Dawa haijafanya kitu. Pembeni huwepo kikaratasi cha antibiotiki inayojulikana, na kingine chenye kile kimiminika kitupu, maana pengine kilichoua ni kimiminika chenyewe.

Ukubwa wa duara usikudanganye. Kuna kemikali kali zisizopenya vizuri kwenye chakula kile, zikatoa duara dogo. Ndiyo maana tunaendelea: tunapunguza dawa nusu kwa nusu kwenye vishimo vidogo hadi tupate kiwango cha chini kabisa kinachozuia bakteria kukua. Kisha tunachota tone kwenye kishimo kilichobaki safi na kulipanda upya. Wakiota tena, ujue walikuwa wamezuiwa tu, hawakufa.

Jambo linalonisumbua zaidi ni hili. Maabara nyingi huloweka mmea kwenye methanoli, ambayo ni sumu kwa binadamu na hutoa kemikali nyingi zisizotoka kwenye maji. Mama wa wilaya ya Bahi anachemsha kwa maji. Matokeo ya methanoli hayaisemei sufuria yake, kwa hiyo kila mmea lazima upimwe pia kwa namna unavyotumiwa nyumbani. Halafu kuna tanini, kemikali za mimea zenye ukakasi, zilizojaa kwenye magome ya migunga yetu. Hizo hushikana na protini za aina nyingi. Kwenye sahani huweza kuzuia vijidudu vya aina nyingi, lakini ukizinywa hushikana na chakula tumboni, na kidogo sana hufika kwenye damu.

Fangasi wanahitaji uangalifu zaidi. Candida, fangasi wa mdomoni na ukeni, tunamsoma baada ya siku moja au mbili, ila fangasi wa mapunye huweza kuchukua wiki nzima kuota. Seli zao zinafanana na zetu kuliko za bakteria, hivyo kinachoua fangasi kinaweza kuumiza ini au figo. Kipimo cha sumu hakikwepeki.

Ukileta mmea, lete tawi lenye majani pamoja na maua au matunda ili utambulike kwa uhakika. Unga peke yake hautoshi. Tuambie ulipochumwa, sehemu inayotumika, unavyoiandaa na kiasi anachopewa mtu mzima na mtoto. Na wakati sampuli iko kwetu, mgonjwa asiache dawa alizoandikiwa hospitali.