Kabla chuo hakijaleta programu mpya, kikahesabu rejesta

DHIS2, mfumo wa kompyuta unaopokea takwimu za MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) kutoka halmashauri zetu, ni kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo. Mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkono katika kuuendeleza hapa Tanzania. Chombo basi tunacho. Mikoani wanaokosekana ni watu wa kukagua kinachotiwa humo, na naamini hapo ndipo idara ya afya ya jamii ya chuo itamfaa zaidi Mganga Mkuu wa Mkoa.

Kwa ukaguzi huo, chagua vituo 12 vya afya, miezi 3, viashiria visivyozidi 4. Mimi huanza na Penta, chanjo ya watoto ya dozi tatu. Hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, kwa hiyo takwimu zake hujisuta zenyewe: Penta 3 ikiipita Penta 1 kwa mwaka mzima, pana walakini. Hesabu watoto mmoja mmoja kwenye rejesta, kisha linganisha na karatasi ya tali (ya kuhesabia kwa vijiti), fomu ya mwezi, na mwisho DHIS2. Gawanya ulichohesabu kwa kilichoripotiwa. Rejesta ikiwa na 70 na ripoti 84, unapata 0.83. Kati ya 0.90 na 1.10 huvumiliwa, chini ya hapo kituo kimeripoti zaidi kuliko kilivyoandika.

Usikimbilie kusema wamepika. Huenda rejesta ziliisha wakaandika kwenye daftari la shule ambalo sasa liko kabatini, au watoto wa huduma ya mkoba (inayowafuata watu nje ya kituo) walipigwa tali tu. Pengo likiwa kati ya rejesta na tali, chunguza msongamano wa siku ya kliniki. Likiwa kati ya fomu na DHIS2, ni kosa la kuingiza namba, na husahihishwa papo hapo. Kisanduku kitupu nacho ni mtego: hakisemi kama hakuna mgonjwa aliyekuja au hakuna aliyejaza.

Uchanjaji ukivuka 100%, kagua pia kigawanyo, yaani idadi ya watoto wanaokadiriwa kuwapo. Makadirio ya watu yaliyotokana na sensa ya zamani hupunja kata za pembezoni mwa miji, zinazojaa haraka. Hapo mtakwimu wa chuo ana kazi halisi.

Wanafunzi wasiende peke yao. Waandamane na mratibu wa MTUHA wa wilaya, maana wao wataondoka naye atabaki, na matokeo yajadiliwe na wahudumu kabla gari halijawashwa.

Kinachoharibu zaidi ni kuchelewa. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai; ripoti ya Agosti huikuta bajeti imeshapita. Kama kuna nia ya kuchapisha, kibali cha maadili kiombwe kabla rejesta ya kwanza haijafunguliwa. Ila Mganga Mkuu wa Wilaya apate ukurasa mmoja ndani ya wiki 2, wenye jina la kila kituo na pengo lake. Makala ya jarida itafuata, bila majina hayo.