Bumu likiingia, Jumamosi ni ya nani?

Wanafunzi wengi wanaokuja kwetu kwa ushauri nasaha muda wanao. Kinachowasumbua ni kwamba wikiendi inakwisha wamechoka, na hawajafanya hata jambo moja walilolitaka wenyewe.

Mwaka 1974 mwanasaikolojia John Neulinger alieleza kwamba jambo huwa mapumziko pale mtu anapohisi amelichagua kwa hiari yake, na analifanya kwa kulipenda. Kwa kigezo hicho, anayecheza mpira nje ya hosteli baada ya testi anapumzika. Anayekwenda kula bata Sinza kwa kuwa chumba kizima kinakwenda, huku akipiga hesabu ya bumu, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, kichwani, anatimiza wajibu, hata kama muziki ni mtamu.

Mwaka wa kwanza ndio mgumu zaidi. Kijana katoka Kigoma au Songea, alikozoea kupangiwa siku na wazazi au kengele ya bweni. Hapa Dar hakuna anayemuuliza karudi saa ngapi. Kundi la kwanza litakalompokea ndilo litakalompangia, naye anaogopa kwamba akikataa mara mbili hataitwa tena. Simu nayo humpangia hivyo hivyo: alitaka kutazama video moja, anashtuka ni saa nane usiku.

Kwa wanafunzi wa kike kuna zaidi ya hayo. Coco Beach haina kiingilio, lakini kurudi hosteli ya Mabibo usiku kuna nauli, kuna bodaboda usiyemjua, kuna maneno ya njiani. Kumwambia binti ajiamini tu hakutoshi. Vyuo viwashe taa viwanjani na kuacha kumbi wazi jioni, ili asilazimike kuchagua kati ya usalama wake na starehe yake.

Nawashauri hivi: kabla bumu halijaingia, amua jambo moja la wiki ambalo ni lako, na umwambie unayeishi naye chumba kimoja mapema. Mtoko ukija siku hiyo, "Leo siji, nina jambo langu" inatosha. Huna deni la maelezo. Rafiki wa kweli atakualika tena.

Ila ukiona wiki mbili zimepita na hata ulivyokuwa ukivipenda havikuvutii tena, fika kwa mlezi wa wanafunzi au mshauri nasaha wa chuo chako. Usingoje mpaka upate sapu, yaani mtihani wa marudio.